Vibanda vya kuvizia vya bei nafuu: pesa iende kwenye fito na madirisha

Kuanzia mwezi wa Agosti, maduka ya vifaa vya uwindaji hapa katika jimbo la Minnesota, Marekani, hupanga vibanda vya kitambaa katika safu ndefu, kuanzia vile vya chini ya dola 80 hadi vile vinavyozidi dola 400. Kwa mtu ambaye hajawahi kukaa ndani ya hata kimoja, vyote huonekana kitu kilekile: mfuko mrefu wenye mikanda ya kubebea mgongoni, picha ya kulungu dume mwenye pembe kubwa, na maandishi yanayoahidi kwamba mnyama hatakuona. Tathmini hii ni kwa ajili ya mtu ambaye bajeti yake inakomea dola 150 hivi, anayetaka kuvizia kulungu wa mkia mweupe au bata mzinga wa porini akiwa ameketi chini, na anayetaka kibanda atakachoweza kukibeba peke yake kutoka garini hadi msituni. Nimekaa ndani ya vingi vya aina hii, vyangu na vya wenzangu, katika vilima vya kusini-mashariki mwa jimbo, na msimamo wangu ni huu: kwa bei hiyo, mnunuzi alipie fito, vitovu vinavyozikutanisha, madirisha na nafasi ya ndani, wala asiongeze hata senti moja kwa sababu ya michoro ya majani iliyochapishwa nje.

Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tumejifunza kuwinda ukubwani. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo Mkenya wa rika langu hakuwa na baba wala mjomba wa kumrithisha kazi hii kihalali. Huku Minnesota, yeyote aliyezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1979 hana budi kuwa na cheti cha mafunzo ya usalama wa silaha kabla ya kununua leseni ya kuwinda kwa bunduki, na anayemaliza darasa hilo akiwa mtu mzima hujikuta ana cheti, ana leseni, ila hajui ajifiche wapi. Wenyeji wengi huwinda kutoka kwenye ulingo uliofungwa mtini, mita 4 hadi 6 kutoka ardhini. Ulingo humpa mtu upeo mzuri wa macho, lakini unadai mti ulionyooka, mkanda wa usalama unaofungwa kila mara bila kukosa, na moyo usioogopa kimo. Kibanda cha chini hakidai hayo. Humficha mtu anapogeuka, anapojikuna na anapomimina chai kutoka kwenye chupa. Humkinga na upepo wa Novemba. Na humwezesha kumketisha mwanawe kando yake, jambo ambalo kwangu peke yake linatosha kuhalalisha bei.

Sokoni kuna maumbo matatu. La kwanza ni ukuta wa kitambaa wenye vigingi, usio na paa, unaopatikana kwa fedha kidogo zaidi. Unamfaa mwindaji wa bata mzinga anayehamahama asubuhi nzima, na kwa kulungu haunishawishi. La pili ni kibanda cha waya wa chuma kinachojikunjua chenyewe mara unapofungua mkanda wake. Kukifungua ni kazi ya sekunde chache, ila kukikunja upya, hasa gizani na vidole vikiwa vimekufa ganzi, kunataka mbinu ya kuuzungusha waya hadi ujipinde mara mbili juu ya wenyewe, na nimewaona watu wenye nguvu zao wakishindwa kabisa na kukitupa nyuma ya gari kikiwa wazi. La tatu ni kibanda cha vitovu, na kwa maoni yangu ndicho pekee kinachostahili dola 100 na zaidi.

Katika kibanda cha vitovu, kila ukuta una fito za faibaglasi zinazotoka kwenye pembe na kukutana katikati, kwenye kitovu cha plastiki ngumu au chuma. Unakivuta kitovu kwa nje kwa kutumia kamba fupi iliyoshonwa hapo hadi fito zijipinde, kitambaa kikaze, na ukuta usimame imara. Ukishamaliza kuta nne, unaingia ndani na kusukuma paa juu kwa kiganja. Mtu aliyezoea hufanya haya yote kwa muda usiofika dakika tatu, na kukunja ni kurudisha vitovu ndani kimoja kimoja, bila mieleka.

Hapo kwenye fito ndipo bei nafuu hujifichua. Ukiwa dukani, omba uonyeshwe kibanda kilichokwisha kusimamishwa, kisha pitisha vidole katika pembe, pale ambapo ncha ya ufito huingia katika mfuko mdogo wa kitambaa. Nguvu yote ya ukuta uliokazwa huishia kwenye mfuko huo. Ukiona umeshonwa kwa tabaka moja la kitambaa kilekile cha ukuta, bila ngozi, bila utepe mzito wala kifuniko cha plastiki, ujue pembe hiyo itatoboka, na ufito ukitokeza nje kitambaa huchanika kwa urefu wa mkono. Kibanda kimoja cha bei ya chini kabisa nilichokuwa nacho, ambacho jina la mtengenezaji wake naliacha, kilitoboka hapo kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, nacho kilikuwa kimefunguliwa kwa upole wakati wote. Tazama pia kitovu chenyewe: je, fito zimeingizwa katika matundu yenye kingo laini, au zinasuguana na plastiki yenye ncha? Je, skrubu inayokishika inaweza kukazwa kwa bisibisi ya kawaida? Uliza kama mtengenezaji anauza ufito mmojammoja wa akiba. Faibaglasi haipindi ikaharibika polepole kama chuma. Hupasuka nyuzinyuzi kwa ghafla, hasa katika baridi kali, na kibanda cha dola 130 kinachopata ufito mpya kwa bei ndogo ni bora kuliko cha dola 90 kinachoishia jalalani.

Baada ya fito ni madirisha, na hapa naomba msomaji anivumilie nikirefusha, kwa sababu ndiyo sehemu inayoamua kama utapata nyama au utarudi nyumbani mikono mitupu. Kuna njia tatu za kufunga dirisha la kibanda: velkro, zipu, na ndoano au vifungo vinavyoteleza juu ya kamba ya mpira. Velkro ni adui. Mlio wake unafanana na kitambaa kinachochanwa, na katika msitu tulivu kulungu aliye umbali wa mita 60 atausikia. Zipu iko katikati. Ikifunguliwa polepole na hali ya hewa ikiwa ya joto haisikiki sana, lakini ikipata umande usiku na kuganda, kila jino linapoachia hutoa mlio wake. Asubuhi moja ya Novemba kulungu jike alikuwa akiokota mbegu za mialoni karibu nami kiasi cha kusikia akizitafuna. Niliisogeza zipu kwa kadiri ya upana wa kidole. Aliacha kutafuna, masikio yote mawili yakageukia kibanda, mguu mmoja wa mbele ukanyanyuka na kubaki hewani, na tangu hapo hakushusha kichwa tena hadi alipoondoka kwa hatua ndefu. Alikuwa hajaniona, wala upepo haukuwa umempelekea harufu yangu. Vibanda vyenye ndoano na kamba ya mpira havina tatizo hili, na siku hizi vinapatikana hata kwa dola 120. Kama ni lazima uchague kati ya ndoano na sifa nyingine yoyote iliyoandikwa kwenye boksi, chagua ndoano.

Kimo cha dirisha nacho kina hesabu yake. Ukiketi kwenye kiti cha kukunja, ukingo wa chini wa dirisha unapaswa kuwa chini ya kiwiko chako, la sivyo utapiga risasi ukiwa umenyoosha shingo. Na kuna hatari ambayo wauzaji hawaitaji: darubini ya bunduki hukaa juu ya mtutu, kwa kawaida inchi moja na nusu au zaidi, na kwenye upinde wenye kitako na kifyatulio nafasi hiyo huwa kubwa zaidi. Jicho lako kupitia darubini linaweza kuona njia nyeupe kabisa ilhali mtutu au mshale umeelekea moja kwa moja kwenye ukingo wa kitambaa. Kwa hiyo dirisha linalofunguka kwa urefu wa kutosha kwenda chini lina thamani kubwa kuliko dirisha pana lililo juu. Anayetumia bunduki ahakikishe kwamba mdomo wa mtutu umepita nje ya kitambaa, kwa sababu mlipuko ndani ya kibanda huumiza masikio na huweza kuunguza ukingo wa dirisha.

Anayetumia upinde atakutana na chandarua. Vibanda vingi huja na wavu mwembamba wa kuning'inizwa dirishani, unaosemwa kwamba mshale unaweza kupita ndani yake. Ni kweli, lakini kwa sharti: chembe cha mshale kiwe cha makali yaliyokazwa mahali pake. Vyembe vyenye makali yanayokunjuka vikigonga mnyama huweza kukunjuka vikigusa wavu, na mshale ukapotea njia ukiwa haujatoka mlangoni. Mimi huondoa wavu kwenye dirisha ninalokusudia kupigia na kuuacha kwenye mengine. Mwindaji akivaa nguo nyeusi, glavu nyeusi na kufunika uso kwa kitu cheusi, giza la ndani linatosha kumficha, mradi madirisha ya nyuma yake yawe yamefungwa. Dirisha moja la nyuma likiachwa wazi, kila anachokifanya huonekana kama kivuli kwenye pazia.

Hilo linanileta kwenye aina ambayo imeteka soko katika miaka ya karibuni, yaani kibanda cha kuta zinazopenya macho, ambazo mtu wa ndani huona nje kupitia kitambaa chenyewe na mnyama wa nje haoni ndani. Kampuni ya Primos iliitumia kwenye vibanda vyake vya bei ya juu vya Double Bull, na sasa TideWe, Rhino, Ameristep na wengine wanauza za kwao kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuimudu. Nimevipenda kuliko nilivyotarajia. Ukiwa katika kibanda cha kawaida, dunia yako ni mianya michache, na kulungu huweza kukupitia ubavuni bila wewe kujua. Katika hiki unamwona akitoka mbali, unapata muda wa kushusha pumzi, na mtoto aliye nawe hachoki kwa sababu ana cha kutazama. Siku ambayo bata mzinga jike alipita akigusa kamba ya kibanda kwa bawa lake, akasimama kutazama ukuta uliokuwa umbali wa mkono kutoka usoni pangu, kisha akaendelea kudonoa, niliamini kwamba jambo hili hufanya kazi kweli.

Hata hivyo lina mipaka yake. Huwezi kupiga kupitia ukuta huo; bado unahitaji dirisha la kufungua. Wakati wa mapambazuko, ambao ndio wakati wenyewe wa kulungu, kitambaa hicho hupunguza mwanga kiasi kwamba unachokiona ni vivuli tu, na darubini ya mkononi huwa haina maana. Tena, jua likikuangazia kutoka nyuma kupitia ukuta mwingine unaopenya macho, umbo lako huonekana nje. Kwa sababu hiyo napendekeza vile vyenye kuta tatu tu za namna hiyo, vinavyotangazwa kuwa vya digrii 270, na ukuta wa nne ukiwa mweusi kabisa: uelekeze ukuta mweusi upande wa jua, na wewe ukae ukiuegemea.

Kuhusu nafasi, usiamini maneno “watu watatu” yaliyoandikwa kwenye mfuko. Watengenezaji hupenda kutangaza kipimo cha kutoka kitovu hadi kitovu, ambacho mara nyingi ni inchi 75 hivi, yaani sentimita 190. Lakini vitovu vimetokeza nje. Sakafuni, ambako kiti chako kitakaa, kipimo ni inchi 58 hadi 60, karibu mita moja na nusu. Humo wanaenea watu wazima wawili wenye bunduki, au mpiga upinde mmoja na mtoto. Kimo cha kawaida ni inchi 66, sawa na sentimita 168, na kwa aliyeketi na bunduki kinatosha. Kwa mwenye upinde ni habari nyingine, kwa sababu ncha ya juu ya upinde hupanda juu ya kichwa anapovuta, na ikigusa paa mshale umeharibika. Huyo atafute kibanda kirefu zaidi; Barronett Big Mike, kwa mfano, kina kimo cha inchi 80, sentimita 203, na mtu wa kimo cha wastani anaweza kusimama humo na kunyoosha mgongo, raha ambayo thamani yake hujulikana baada ya saa nne za kuketi. Jaribio rahisi ni kuketi ndani ya kibanda cha maonyesho ukiwa na kiti chako mwenyewe na kuinua mikono kama unayevuta, ukigeukia kila dirisha. Wauzaji wa hapa hawakasiriki. Wengi wao ni wawindaji.

Kitambaa nitakipitia kwa haraka. Uzito wake hupimwa kwa denia, kipimo cha unene wa nyuzi zake, na vibanda vya bei nafuu huwa vya denia 150, kama Rhino R150, au 300. Cha 300 hudumu zaidi juani na hakipepei sana kwenye upepo, lakini huongeza uzito mgongoni. Kwa mtu anayebeba kibanda kila asubuhi na kukirudisha jioni, 150 inatosha. Kwa atakayekiacha shambani kwa wiki kadhaa, jua litakila, na ni afadhali kizito. Ndani lazima kuwe na rangi nyeusi isiyo na mianga ya sindano kwenye mishono. Ingia, funga kila kitu, utazame juu: ukiona nukta nyingi za mwanga, hapo mvua itapita. Kuhusu michoro ya nje, majani ya mwaloni, matete au magome ya miti, kulungu hana habari nayo. Macho yake yana aina mbili tu za chembe za kutambua rangi, huona buluu vizuri na nyekundu vibaya, na kinachomshtua ni mwendo, mng'ao na umbo jipya lenye pembe kali. Matawi manne ya msonobari yaliyochomekwa kwenye vishikizo vya nje hufanya kazi kuliko mchoro wowote wa kiwandani.

Naongeza jambo moja kwa wale wanaofikiria kukituma nyumbani kwa ajili ya kupiga picha za ndege, matumizi ambayo kibanda hiki kinayamudu vizuri sana. Kenya, Tanzania na Uganda haziruhusu raia kuvaa nguo zenye rangi za kijeshi, na askari wa barabarani hatakuwa na muda wa kusikiliza maelezo kuhusu majani ya mwaloni. Chagua cha rangi moja, kahawia au kijani, au usikitume kabisa.

Vigingi vinavyokuja na kibanda, karibu katika kila bei, ni vijiti vyembamba vinavyopinda kwenye jiwe la kwanza. Viweke kando na ununue vya chuma vyenye urefu wa sentimita 30. Kila kitovu kifungwe kamba yake, hata siku isiyo na upepo, kwa sababu ukuta mmoja ukisukumwa ndani na dhoruba fito za kuta nyingine huvunjika kwa mfuatano. Theluji inayolala juu ya paa ni mbaya zaidi kuliko upepo: paa ni bapa, na anayekiacha kibanda nje mwezi wa Novemba aweke mhimili wa mti katikati, la sivyo ataikuta theluji ikiwa imeketi kitini pake. Kibanda kipya kina harufu ya kiwandani. Kitundike nje kwa wiki moja au mbili kabla ya kukipeleka msituni, na kisirudi mfukoni kikiwa kimelowa, kwani ukungu ukishaingia hautoki.

Kulungu anahitaji muda wa kukizoea. Kibanda kilichosimamishwa siku ileile katikati ya uwanda huchunguzwa kwa mashaka na kila jike mzee anayepita, wakati kilichowekwa wiki mbili au tatu mapema, kikiwa kimeegemezwa kwenye vichaka, huwa sehemu ya mandhari. Bata mzinga hana tabia hiyo. Ndege huyu ana macho makali kupindukia, lakini hana hofu na umbo lisilotikisika, na unaweza kusimamisha kibanda saa kumi na moja alfajiri na kumpiga saa moja asubuhi katika uwanda wazi. Bata mzinga walikuwa wametoweka Minnesota. Mwaka 1973 walirejeshwa 29 kutoka Missouri na kuachiwa katika kaunti ya Houston, na leo vilima hivyohivyo vimejaa sauti zao kila Aprili. Anayeanza uwindaji na kibanda kipya, ningemshauri aanze na msimu huo wa machipuko, kwani hali ya hewa ni ya huruma na ndege husamehe makosa ya uwekaji ambayo kulungu hayasamehi.

Ukiwa kwenye ardhi ya umma, kumbuka masharti mawili. Katika msimu wa kulungu wa bunduki, Minnesota inataka kibanda cha kitambaa kiwe na kifuniko cha rangi ya chungwa au ya waridi inayowaka juu ya paa, kinachoonekana kutoka pande zote, au angalau inchi za mraba 144 za rangi hiyo kila upande, yaani kipande cha futi moja kwa futi moja. Jimbo la Illinois linadai inchi za mraba 400 kwenye sehemu ya juu ya kibanda kilichokaliwa. Watengenezaji wachache wa bei nafuu huweka kitambaa hicho mfukoni, hivyo jumlisha gharama yake. Usikose kukifunga ukiamini kwamba kitamfukuza kulungu. Nimekwisha kueleza jinsi anavyoona nyekundu, na kinachokusudiwa ni mwindaji mwenzako anayepita na bunduki asidhani hakuna mtu pale. Sharti la pili ni kwamba katika maeneo mengi ya jimbo yaliyotengwa kwa wanyamapori hairuhusiwi kukiacha kibanda usiku, na ndiyo sababu uzito unahesabika. Vingi vya bei hii vina kilo 6 hadi 9. Ongeza kiti, silaha, chakula na nguo za baridi, kisha fikiria kilima unachokipanda gizani.

Wengine huingiza jiko dogo la gesi ndani. Kitambaa ni poliesta, kinayeyuka na kuwaka, na kibanda kilichofungwa hujaza hewa ya sumu isiyo na harufu. Kama baridi inakulazimisha, tumia jiko lililotengenezwa kwa matumizi ya ndani lenye kizimio cha usalama, acha dirisha la juu wazi kila wakati, na uweke jiko mbali na ukuta kwa urefu wa mkono. Kwa mtoto, blanketi nzito na chupa ya uji wa moto zimetutosha hadi sasa.

Sasa uamuzi. Mwenye dola 80 na anayetaka kujaribu tu, atafute kibanda kidogo cha jina linalofahamika, kama Ameristep Doghouse ambacho kimekuwepo sokoni kwa miaka mingi, na asubiri Januari au Februari, kwani maduka hushusha bei msimu unapokwisha. Mwenye dola 120 hadi 150 na bunduki, anunue cha vitovu chenye kuta tatu zinazopenya macho na madirisha ya ndoano. Ndicho ninachokipa nafasi ya kwanza katika tathmini hii, na ndicho ninachokitumia na mwanangu. Mpiga upinde aongeze fedha kidogo apate kimo, hata ikimlazimu kuacha kuta za kupenya macho na kurudi kwenye kitambaa cha kawaida. Primos Double Bull ni bora kuliko vyote nilivyovitaja: vitovu vyake ni imara, kitambaa chake ni kizito, na madirisha yake ni kimya. Lakini ni kizito kukibeba, na tofauti ya bei yake na cha dola 150 inatosha kununua viti viwili vizuri, vigingi, kitambaa cha rangi ya chungwa na leseni za misimu kadhaa. Kwa anayewinda siku chache za mapumziko kwa mwaka, siioni sababu.

Ukishakinunua, kisimamishe uani jioni hiyohiyo, nyuma ya nyumba au hata kwenye maegesho ya magari ya jengo mnaloishi, ukikagua kila mfuko wa pembe na kila dirisha, na ukikiacha kimesimama hadi asubuhi. Tunza risiti na mfuko wake. Mfuko wa pembe ulio dhaifu mara nyingi huanza kufumuka ndani ya saa chache za kwanza za kukazwa, na duka litakubadilishia bila maswali kabla hakijagusa tope.